Lenzi Kumi na Tisa

Kwenye karakana yetu hapa Alnif
vumbi halina adabu, linaingia bila hodi:
kwenye chai, mapafuni, katikati ya meno.
Baba yangu Bassou, miaka arobaini na miwili,
alichokoa jiwe jeusi kwa sindano ya upepo
hadi atoke mnyama aliyejikunja,
trilobiti, kama kisigino cha mtoto,
na kichwani vinara viwili vya macho,
lenzi safu kwa safu
kama punje kwenye gunzi.

"Hili si jicho lililogeuka jiwe," husema.
"Lilikuwa jiwe tangu likiwa hai.
Bahari ilipokuwa hapa tulipokaa
huyu alitazama kupitia chokaa angavu,
na hakufumba, hata kufa."

Sisi si watoto wake. Ukoo wetu ulipita kwingine:
kwanza doa juu ya ngozi,
doa lililojua usiku na si usiku, basi.
Doa likabonyea likawa kishimo,
likajua kivuli kinatokea upande gani.
Kishimo kikabana mdomo, kikajaa ute,
ute ukaganda mbele ukawa lenzi,
wala hakuna aliyesimama pembeni kusema sasa fanya hivi.
Aliyeona kidogo zaidi alikwepa kidogo zaidi, akazaa.
Ni hivyo tu. Ni hivyo tu, mara milioni.

Na bahari hatukuiacha: onja chozi.

Mwaka mvua ilipokosa
baba alianza kuniuliza kama kuna moshi.
Mtoto wa jicho, alisema daktari wa Errachidia,
nami nikawaza: mtoto gani huyu
anayezaliwa ndani ya mamaye ili amzibe dirisha?
Baba akaendelea kwa ncha za vidole.
Mimi, Tuda, nikashika sindano na madeni.

Sasa niseme.
Macho hayana pazia, lakini ya baba yalikuwa nalo,
nami nikafanya langu nyuma yake.
Ruprecht, mnunuzi kutoka Ujerumani, alitaka macho mawili kamili.
La kushoto lilikuwa limemegeka.
Nikachanganya gundi na vumbi la jiwe,
nikapanda lenzi moja moja kwa sindano ya kushonea.
Baba akalipapasa. "Zuri," akasema.
Kidole chake kilikawia pale.

Kisha wakamtoa lenzi aliyozaliwa nayo
wakamtia nyingine, ya plastiki, iliyokunjwa kama barua.
Siku ya tatu akarudi karakana,
akalalamika ukuta una nyufa,
akaniambia nimezeeka,
akalichukua lile jiwe, akalipeleka juani.
Kompresa tu ndiyo iliyopumua.

"Kumi na tisa," akasema.

Nilingoja ukali. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi,
akainama mpaka kikaisha.
"Hata hili langu ni la kubandika.
Ila langu linaona."

Akanieleza walichomwonyesha hospitali:
fumba jicho la kulia, kodolea msalaba,
sogeza karatasi, na nukta ya kushoto inapotea.
Pale mishipa inapotoboa kwenda ubongoni hatuoni kitu.
Pweza nyaya zake zilipita nyuma, hana pengo.
Zetu zilipita mbele, na hakuna aliyerudi kurekebisha.
Basi ubongo hupaka pale rangi ya jirani,
na sisi tunanunua bila kuuliza bei.
"Kila kichwa kina Tuda wake," alisema, "na gundi yake."

Halafu akashika sindano
akazing'oa zote, taratibu,
akaacha pengo kama lilivyokuwa.
Ruprecht alilipa nusu.

Usiku, baba akinywa chai kwenye mkeka,
nilifumba jicho la kulia
nikasogeza macho kidogo kidogo ukutani
mpaka kichwa chake kikatoweka,
na alipokuwa pakajaa ukuta,
ukuta mzima, usio na ufa.

Nilifumbua haraka.