Ukingoni mwa Mboni

Jumapili, Hyderabad. Ngoma za Bonalu zinapita chini ya dirisha,
wanawake na vyungu vichwani, manjano mpaka viwikoni,
na mimi nimeficha nywele ndani ya kofia ya karatasi,
nalisha seli.
Seli hazijui sikukuu.
Ukizinyima siku moja zinanuna. Siku mbili, zinakwenda zao.

Juu ya kisahani nimeandika: Yadagiri, kushoto, siku ya nane.
Alikuwa akizimua chokaa ya kupaka nyumba ya arusi,
pipa likapiga chafya.
Jicho likashusha pazia jeupe, halikupokea mgeni tena.

Daktari Vasundhara alimega kwenye jicho la kulia, lile zima,
kipande kisichozidi punje ya ufuta,
pale ukingoni, weupe unapopakana na weusi,
maana huko ndiko wanakoishi wasioamua.

Nieleze vipi?
Chukua "ona". Lipe mkia: onea, onana, onyesha, onekana.
Kila moja imeshika kazi yake, hairudi kuwa mwenzake.
Shina lenyewe liko palepale, halijapungua,
linangoja hata neno ambalo hajalihitaji mtu.
Seli shina ni hivyo. Inajigawa:
binti mmoja anatoka kwenda kazini,
mwingine anabaki nyumbani awe mama yake.

Na yule wa kazini hakusahau kitu.
Hilo lilininyima usingizi mwaka wangu wa kwanza.
Seli ya ini inazo siri za jicho.
Seli ya kisigino inazo za moyo, mpigo kwa mpigo.
Zote zimerithi kila kitu,
kisha kila moja ikajifunza la kunyamazia.
Mwili mzima, basi, ni adabu ya kunyamaza.
(Baba alitaka niwe fundi cherehani.
Mpaka leo, nikiona shati limeshonwa upande, vidole vinawasha.)

Udongo uwahi ungali maji, husema watu.
Mimi siwahi kitu. Namimina, nafunga mlango.
Anayefinyanga ni kitanda:
utando wa kondo, mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu,
wa mama aliyejifungua kwa kisu ghorofa ya tatu,
akatia sahihi, akaenda na mwanawe.
Jina lake silijui. Seli zinajua mguso wake,
zinamlalia, zinatandazika bapa, zinang'aa,
zinakubali kuwa dirisha.
Chakula chake ni maji ya damu ya Yadagiri mwenyewe.
Nani basi anamlea nani?

Punje ya kwanza iliota ukungu, mwezi Machi.
Niliitupa. Niliosha mikono mara tatu,
nikampigia mkewe, Pochamma. Alinyamaza,
kisha akauliza kama nimekula.
Hii ni ya pili. Ya tatu hatuwezi kumega;
tukimega, tutakuwa tunaiba macho mawili kutengeneza moja.

Kati ya "ona" na "pona" ni herufi moja.
Herufi hiyo ina siku kumi na nne,
jenereta inayokohoa umeme ukikatika,
na mimi kwenye ngazi na tochi mdomoni.

Siku bandeji ilipofunguliwa nilisimama nyuma, karibu na sinki.
Hanifahamu, na si lazima anifahamu.
Daktari aliinua vidole. "Vingapi?"
"Vitatu."
"Na sasa?"
Hakujibu. Alikuwa amempita daktari,
anatazama ukuta, kichwa kimeinama kidogo,
machozi yanamtoka upande mmoja, ya dawa au ya nini,
akasema taratibu, kama mtu anayerudi kazini:
"Ukuta huu nani aliupaka?
Amepiga mkono mmoja tu."