Ubao Unaokunywa

Lugembe wa Mabatini hauzi mbao kwa pupa.
Anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza,
kisha anauliza: wa kukaliwa na nani?
Nikamwambia, mama. Nyonga zimegoma,
kigoda cha chini hakiwezi tena,
na dagaa hawachambuliwi kitandani.

Akanitolea mninga. Bei ikanifunga mdomo.
Akanitolea mvule, vumbi lake likanipigisha chafya saba
hadi mshona viatu wa pembeni akaniombea uzima.
Msonobari wa Ukerewe ulikuwa mwepesi, wa bei ya kirafiki,
lakini ukucha tu uliuachia kovu.
Nikarudi kwenye mninga,
ule wenye ukanda mweupe ubavuni
ambao mafundi huukata na kuutupa.
"Huo ni utoto wa mti," alisema. "Wadudu wanaupenda. Shauri yako."
Nikauchukua na utoto wake.

Vanishi kwanza. Kaka yangu Shigela alileta kopo zima:
litang'aa, alisema, kama benchi la benki.
Nikapaka jioni, upepo umelala.
Alfajiri usubi ukainuka ziwani
kama moshi wa moto usioonekana,
ukaivuka miamba ya Bwiru, ukatua wote kwangu.
Benchi likaota manyoya.

Msasa.
Siku mbili za msasa na matusi ya chinichini.

Kisha nikajaribia vipande vya mabaki, juani:
alizeti ilinata hadi Jumapili,
mawese yakanuka kama kikaango cha jana,
mafuta ya sangara, wazo la Shigela tena,
yakaniitia paka wa mtaa mzima.
Ya kitani niliyapata Makoroboi, kwenye chupa ya soda,
muuzaji akininong'oneza:
tambara lake usilifinyange ukalitupa,
hujiwasha lenyewe. Lianike.

Nikampa mama tambara. Hakulitaka.
Akamimina kiganjani,
akapaka kama anavyopaka miguu yake akitoka kuoga,
akifuata nyuzi za mti, bila haraka.
"Unakunywa huu," akasema. "Kumbe ulikuwa na kiu."
Wekundu ukapanda kutoka ndani,
na ule ukanda mweupe ukapata rangi ya chai ya maziwa.

Sasa anachambua dagaa ameketi.
Karibu na goti lake la kushoto, kwenye ufa mdogo,
yumo usubi mmoja ambaye msasa haukumfikia.
Nilimwona nikiwa na patasi mkononi.
Mafuta yalikwisha mfunika, mabawa na yote.

Nikairudisha patasi mahali pake.