Haikai Silensa

Rawlins, Wyoming, Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Upepo unagonga mlango wa gereji kama mdai.
Nimekaa kwenye lori la baba,
Ford ya mwaka sabini na nane, rangi ya maziwa yaliyochacha,
kompyuta pajani, glavu zimekatwa ncha za vidole,
na injini inanguruma, inakwama, inanguruma,
kama mtu anayetaka kusema neno kisha akalimeza.

Haikai silensa.
Moshi mweusi, macho yananiwasha,
plagi nilizozifungua jana zilikuwa na masizi
ungedhani zimeinjikwa juu ya kuni.
Mafuta yamezidi. Hata mtoto wa chekechea angenusa akasema.
Lakini kihisi kilichofungwa kwenye ekzosi
kinaandika kumi na sita na nusu, kumi na saba,
yaani hewa imezidi, ongeza mafuta,
na kompyuta, mtumishi asiyeuliza, inaongeza.

Simu iko juu ya dashibodi, spika wazi.
Baba yuko jikoni. Haruhusiwi kuja huku:
mtungi wa oksijeni na mvuke wa petroli havikai chumba kimoja,
aliandika nesi Marisela kwa kalamu nyekundu,
akabandika kwenye friji.
"Inasema hewa imezidi," namwambia.
Kimya. Nasikia mashine yake ikivuta, ikisukuma.
"Unanusa nini?"
"Petroli."
"Basi."

Kamshafti hii aliiweka mwenyewe,
mapafu yalipokuwa bado yake.
Valvu mbili zinakaa wazi pamoja kwa kitambo kidogo,
moja haijafunga mlango, nyingine imeshafungua,
hewa inaingia huku na kutokea kule bila kuungua,
inapita kama mgeni asiyesalimia.
Kihisi kinaiona, kinaapa kwamba silinda zina njaa.
Hakisemi uongo.
Kimesimama tu mahali pabaya.

Jana usiku Marisela alimbana baba kidole
kwa kile kidude chenye taa.
Tisini na tano. "Vizuri kabisa," akasema, akaandika.
Baba alikuwa ameshindwa kumaliza vifungo vya shati.
Alinitazama.
Sikusema kitu. Namba ilikuwa imeshasema.

"Kinyang'anye usukani," anasema simuni.
"Kwenye silensa kisiamue chochote."
Nafanya hivyo. Chini ya mizunguko elfu moja na mia mbili
kompyuta haitakisikiliza tena.
Tumebaki jedwali, mimi na pua yangu.
Hamsini na nane. Hamsini na tano.
Lori linatikisika. Hamsini na moja.
"Usikimbilie. Iache imeze kwanza."
Arobaini na nane, na mshale wa vakyumu unapanda,
moshi unakuwa kijivu, kisha ni mvuke tu wa baridi.
Arobaini na tano, inakohoa, inataka kuzimika.
"Umeiua!" anasema, na anacheka,
na kicheko kinageuka kikohozi, kirefu,
nami nashika usukani wa gari lililosimama
nikisubiri kiishe.

Narudisha mbili. Arobaini na saba.

Inakaa.
Si kwa utulivu, kamshafti hii haijui utulivu,
tuku-tuku, tuku, tuku-tuku, na pengo lake palepale,
lakini haizimiki, na macho yangu hayawashi tena.
Kihisi bado kinaandika kumi na saba.
Acha kiandike.

Simu ya Marisela nayo iko kwenye friji, chini ya onyo lake.
Nitampigia leo, siyo kesho.
Nitaanza na vifungo vya shati.

"Baba?"
Mashine inavuta, inasukuma.
"Baba, unasikia?"
"Nyamaza," anasema. "Nasikiliza."