Kwa Emőke, Kabla ya Alhamisi

Uliniuliza kwenye simu kukoje mle ndani,
nikakwambia: kama kulala.
Nilidanganya. Sasa ni usiku, karakana nimeifunga,
ngoja nikwambie, dada yangu, kulivyo.

Kwanza maswali, karatasi mbili, mbele na nyuma.
Una betri moyoni? Una chuma mwilini?
Uliwahi kuingiwa na chembe za chuma jichoni?
Mimi, fundi wa kufuli miaka thelathini na minane,
nilicheka. Piroska hakucheka.
Alinipeleka kwanza nikapigwe eksirei ya macho,
maana sumaku ile, alisema, hailali,
haizimwi hata Krismasi,
na chembe uliyoisahau wewe, yenyewe itaikumbuka.

Kisha kuvua. Saa. Mkanda.
Meno yangu ya juu, ndani ya kikombe
chenye jina langu, kama mtoto wa chekechea.
Funguo ishirini na tatu: za duka, za ghala,
na ule wa nyumba ya mama tuliyokwisha kuiuza.
Pete ndiyo iliyogoma.
Tangu Jutka afariki haijawahi kutoka.
Piroska akaleta sabuni ya maji, ikatoka.
Kidole kimebaki na kiuno chembamba, cheupe.

Wewe usivae sidiria yenye waya. Usipake wanja.
Kojoa kabla. Hili hawalisisitizi vya kutosha.

Mle chumbani kuna baridi ya kanisa mwezi Januari.
Unalala chali. Wanakuziba masikio,
wanakufunika uso kwa kizimba cha plastiki
ambacho ningekifungua kwa kisu cha siagi.
Juu ya macho kuna kioo kidogo kilichoinama
kinachokuonyesha miguu yako, mbali,
na soksi, kama za mtu mwingine.
Mkononi wanakupa mpira: ukiuminya, wanakuja.
Nilitaka kuuminya kabla kitanda hakijasogea.
Fumba macho mapema, Emőke.
Dari iko pale pua inapoishia.

Halafu kelele.
Ko-ko-ko-ko. Kimya.
Kekee juu ya zege. King'ora.
Kisha mtu anagonga mlango kwa ngumi,
dakika nne, bila kuchoka,
na mlango ni wewe.

Hapo ndipo nilipotulia, utashangaa.
Kazi ile naijua: kufuli sugu, usiku wa manane,
mteja amenuna kwenye ngazi,
nawe unatega sikio, pini moja, pini nyingine,
hulazimishi.
Nikasema, haya, fundi mwenzangu, fungua.
Nikakaa kama kufuli linavyokaa.

Mwasho utakuja puani. Utakuja tu. Uache.
Mate meza kelele zikipumzika.
Katikati watakutoa kidogo, wakudunge dawa;
baridi itapanda hadi begani
na mdomoni utaonja ufunguo,
kama ule tuliokuwa tukiung'ata kwa zamu
kwenye ngazi za Avas, tukimsubiri baba.

Baba hakuandika wosia. Alituachia tupa, patasi,
na pengine, daktari anasema,
mshipa mwembamba kichwani, kila mtu na wake.

Dakika thelathini na tano.
Usimsome Piroska uso ukitoka.
Nyuso zao wamefundishwa kuzifunga,
na kwa kufuli hilo sina ufunguo.
Alinirudishia meno, funguo zote, pete.
Nje Miskolc ilikuwa ukungu mtupu, tramu haionekani,
inasikika tu. Pete ingali mfukoni.
Sijui kwa nini.

Jibu langu ni Jumatatu.
Alhamisi nitakuwa nje ya mlango ule
na mkoba wako magotini, hereni zako kiganjani.
Vaa soksi zile nyekundu, nene.
Ukishindwa kufumba macho
utakuwa na kitu cha kutazama.