Dohani Sita, Sentimita Sitini kwa Tisini

Printa haina haraka. Kichwa kinakwenda,
kinarudi, kama mtu anayepiga deki,
na kila kirudipo picha imekua kwa unywele mmoja.
Kwanza mbingu, buluu isiyo na doa.
Kisha ncha za dohani. Kisha mapaa ya kiwanda,
yamepigwa rula, na vivuli vilivyonyooka
kuliko kivuli chochote nilichokiona Ohio.

Mchoraji alikaa ng'ambo ya mto siku nne,
upande ule usiofikiwa na moshi,
akapanda treni, shati bado jeupe.
Mtu hakumchora hata mmoja.
Madirisha nimeyahesabu wino ukikauka:
arobaini na moja. Babu Ondrej alikuwa nyuma ya mojawapo,
zamu ya usiku, akikoroga chuma kama uji,
nyusi zimeungua, zikaota, zikaungua.
Hakuchungulia. Nani angempa ruhusa?

Bibi Zuzana hakuwa na neno "mandhari."
Alianua mashuka mbio tanuri lilipofunguliwa,
akapangusa masizi dirishani asubuhi, akapangusa jioni,
wala hakunung'unika. Masizi yalikuwa mkate.
Mara moja tu, alisema, mbingu ilitakata kabisa:
majira ya mgomo, wiki kumi na moja.
Mashuka meupe pe kwenye kamba,
na mezani maji ya kabichi.
"Buluu ile," alisema, "ilinitia kichefuchefu."

Duka letu limekaa palipokuwa na geti namba tatu.
Chuma kiliuzwa kwa kilo, matofali kwa lori;
picha ni dola themanini na tisa, fremu mbali.
Huenda kwa madaktari wa meno, kwa mabenki,
kwa kijana aliyeoa juzi na ana ukuta mtupu.
Siwalaumu. Ni picha nzuri. Hata mimi
nimewahi kusimama mbele yake nikasahau kula.

Leo mama mmoja wa Columbus ameandika:
"Sofa yangu ni ya kijivu. Je, mnaweza
kuichafua mbingu kidogo, vioane?"

Nikabonyeza vitufe vitatu.
Kichwa kikaenda, kikarudi,
na kijivu kikashuka taratibu juu ya dohani sita,
kizito, chenye umanjano pembezoni
kwa sababu wino wa buluu ulikuwa ukiisha,
na kwa mara ya kwanza kiwanda kikafanya kazi.

Nilisimama pale. Nikanusa.
Wino tu, na kahawa ya Lemuel wa fremu.
Nikaiviringisha picha, nikaitia ndani ya bomba la karatasi,
nikaziba ncha zote mbili,
nikaandika anwani. Lori hupita saa kumi,
nalo halingoji mtu.