Koti la Mvua, Soko la Mpondwe

Ijumaa. Mvua bado imekaa mlimani.
Mama Kahambu anasifia koti la mpira:
"Hili, Masereka, hata mto haulipenyi!"
Nalipima begani. Gunia la muhogo mbichi.
Nani apande nalo hadi kwenye mianzi,
siku mbili, na mkuki, na chumvi?

La pili jepesi, lakunjwa likaenea kiganjani.
Nusura nilipe.
Kisha nachuchumaa, nalifikicha
karibu na sikio la mbwa wangu.
Sikio lasimama.

Basi perere naye atasikia.

La tatu limepauka,
kwapa limeshonwa kwa uzi mwekundu.
Nafikicha. Mbwa apiga mwayo.

Haya, nifungie.
Kwapani patavuja, najua.
Heri bega lililolowa
kuliko sufuria kavu.