Sambaza

Kisanduku kiko kwangu, juu ya kabati la sahani,
taa zake nne za kijani zikipepesa
kama jicho la mtu anayejifanya amelala.
Waya unatokea dirishani, unapita chini ya bati,
unashuka Muhungu, ngazi thelathini na mbili za udongo,
hadi kwa Ntakwinja, kisha kwa Mama Nsimire
mwenye kiantena kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cha kitenge,
kisha kwa mafundi cherehani wa nyumba ya chini
ambao kompyuta yao haina kifuniko
na hupulizwa na feni ya meza.

Intaneti moja, kompyuta tano.
Peke yangu singeiweza bei yake, wala wao.
Basi tukachanga, kila tarehe mbili.
Ntakwinja alileta dola yenye mpasuko, nikamrudishia:
wakala wa mjini hapokei mpasuko,
hata uwe mdogo kama ukucha wa mtoto.

Tuligawana kwa haki.
Haki ilidumu hadi saa mbili usiku.
Ntakwinja alikuwa anatuma tasnifu yake juu ya magonjwa ya mihogo,
kurasa mia na kumi, na picha za majani yenye madoa.
Mama Nsimire alikuwa anazungumza na mumewe aliyeko Kolwezi;
uso wa mume ukaganda, mdomo wazi, katikati ya neno:
"Nita..."
Nitarudi? Nitatuma? Nitaoa?
Na huko chini vijana wa cherehani
walikuwa wanapakua mechi nzima, pamoja na dakika za nyongeza.

Nikatoa kichwa dirishani:
"Nani anakunywa yote?"
Kilima kizima kikajibu: "Si mimi!"

Mama yangu aliuza sambaza sokoni Kadutu.
Alipima kwa kopo la maziwa lililobonyea,
kisha akaongeza kiganja kimoja juu, bila kuhesabu,
na mimi nilikuwa namkasirikia kwa kile kiganja.
Nilikuwa na ndevu tayari siku niliposikia
kwamba jina la samaki yule ni amri.

Usiku ule niliketi, nikafungua orodha ya waliounganishwa.
Nikahesabu tano. Nikarudia: sita.
Ya sita haikuwa na jina, herufi na tarakimu tu,
kama namba ya gari la mgeni.
Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kumfungia.
Nikachukua tochi kwanza.

Nyuma ya ukuta wa Mama Nsimire, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
chini ya mwavuli wenye mbavu tatu, alikuwa Cirhuza,
kijana wa mlinzi wa ghala, mwaka wa mwisho wa sekondari,
na kompyuta iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Alikuwa ananakili maswali ya mitihani iliyopita,
kwa kalamu, mbio mbio: betri ilibaki asilimia nane.

"Nani alikupa neno la siri?"
"Ni wewe, kaka. Uliliandika kwa chaki
pale chini ya ngazi, Mama Nsimire asilisahau."

Nilikuwa na maneno makali, nimeshuka nayo ngazi zote.
Sijui niliyaacha ngazi ya ngapi.
Nikamwambia: "Njoo saa tisa za usiku.
Wakati huo wote wamelala, inakimbia."
Na nikafuta chaki, kwa kiatu.

Hana cha kuchanga. Yeye hupanda bati
kuufunga waya unapong'olewa na upepo,
au Mama Nsimire anapoanikia shuka juu yake.
Juzi alitaka kuuvuta ukae sawa, upendeze.
Nikamkataza. Kilima hiki hushuka kila masika;
ukuta wa Ntakwinja umesogea upana wa kiganja
tangu tulipoanza kuchanga.
Acha ulegee, nikasema.
Acha urefu wa kutosha.